Somo kwa Akina Mama: Tumbako Yenye Harufu Tamu



Leo hatuanzi na malaria wala chanjo. Tunaanza na mkebe mdogo wa bati, wenye mfuniko mzuri, unaoenea katika kiganja. Ndani mna tumbako iliyokatwa-katwa, ile ya kuvutia katika kiko. Mkebe huo ulifika hapa Fungurume katika sanduku la mgeni mmoja, naye alipoondoka aliuacha kwa baba wa jirani kuwa zawadi. Baba yule alivuta mara moja au mbili, akauweka chini ya kitanda. Mtoto wa nyumba ile, mwenye miezi 18, akaukuta na kuufungua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya chokolati na vanila. Basi akafanya jambo ambalo kila mtoto analifanya akipata kitu chenye harufu ya biskuti. Akala.

Mama yake alipomleta kwetu, mtoto alikuwa mweupe midomoni, mate yanatiririka, anatapika, jasho baridi linamtoka. Mama alifikiri ni malaria. Lakini alikuwa na akili ya kubeba mkebe pamoja na mtoto, na hiyo ilitusaidia sana. Mtoto alilala kwetu, tukamwangalia usiku wote, na asubuhi akaomba uji. Tulimshukuru Mungu.

Mkebe ulibaki juu ya meza. Wanafunzi wangu wa uuguzi wakaanza kuupitisha toka pua hata pua. Mmoja akasema: “Inanukia muzuri, iko sawa keki!” Nikawaambia, haya, ipeni pointi juu ya 10. Hakuna aliyetoa chini ya 7. Na hawa ni watu waliomwona mtoto yule akitapika! Ndipo nilipoona ya kuwa somo hili ni lazima.

NAMNA WATU WANAVYOONJA TUMBAKO

Pengine hamjui ya kama katika Ulaya na Marekani kuna watu wanaoonja tumbako ya kiko na kuipa pointi, kama mwalimu anavyowapa watoto pointi za dikte. Kwanza wananusa mkebe. Kisha wanajaza kiko, wanavuta polepole, wanaandika. Harufu ya mkebe ni ya namna gani? Nguvu yake ni kubwa au ndogo? Inauma ulimi? Ladha yake ni gani? Moshi unaacha harufu gani katika chumba? Mwisho wanatoa hesabu.

Siwacheki watu hao. Hata wewe mama, sokoni unafungua mashavu ya samaki na kunusa kabla ya kutoa franka zako. Kupima kitu kabla ya kukiingiza nyumbani ni akili. Shida iko hapa: maulizo yao yote wanaulizwa pua na ulimi wa yule anayevuta. Mtoto anayelala katika chumba kilekile haulizwi neno. Basi tuyachukue maulizo yao moja kwa moja, tuyajibu sisi, hapa kliniki.

HARUFU YA MKEBE

Jina lililoandikwa juu ya mkebe ni Burley. Ni aina ya tumbako. Mwaka 1864, katika shamba moja la Ohio, Marekani, mkulima aliona miche yake imetoka na rangi nyeupe-nyeupe, si ya kijani kama mingine. Akaipanda vivyo hivyo, na mbegu zake zikaenea. Leo Burley inalimwa karibu na sisi pia: Zambia iko nayo, na Malawi inauza nyingi sana katika nchi za nje. Majani yake hayakaushwi kwa moto. Yanatundikwa katika banda lenye hewa kwa majuma mengi mpaka yanakuwa ya rangi ya udongo.

Katika kukauka polepole namna ile, karibu sukari yote ya jani inakwisha. Jani linabaki jepesi, lenye vitundu vidogo-vidogo, na ladha kavu ya uchungu. Mpe mtu jani hilo tupu: hasemi keki. Lakini vile vitundu vinanywa maji kama bukari linavyonywa mchuzi wa sombe. Kwa hiyo wenye viwanda wanaliloweza katika sukari au asali, kakao, na mzizi mtamu unaoitwa reglisi. Wanaongeza gliserini au dawa nyingine ili lisikauke. Mwisho wananyunyizia vanila au romu.

Kumbe harufu ile haikuwa ya tumbako hata kidogo! Wanafunzi wangu walitoa pointi 7 na 8 kwa vanila.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, mzee Isaka alikuwa hawezi tena kuona. Alinusa nguo za mwana aliyesimama mbele yake, akazijua kuwa nguo za Esau, akambariki. Lakini aliyekuwa ndani ya nguo zile ni Yakobo. Pua ya mzee haikukosea, nguo zilikuwa za Esau kweli. Aliyekuwa ndani yake ndiye hakuwa yeye. Mimi nikinusa mkebe huu ninafikiri habari ile kila mara.

Jambo hili wakubwa wa nchi nyingine wameliona. Marekani, tangu mwaka 2009, sheria inakataza sigara zenye harufu ya matunda na pipi, kwa sababu zinawavuta watoto. Lakini katazo lile la 2009 halikugusa tumbako ya kiko.

NGUVU YAKE

Waonjaji wengi wanaandika juu ya tumbako tamu namna hii: “ni nyepesi.” Wanasema hivyo juu ya ukali wake kooni. Sukari inapoungua inalainisha moshi, koo halikatai, na mtu anadhani hakuna kitu. Lakini kitu kinachomfunga mtu katika tumbako kinaitwa nikotini, na nikotini hainuki vanila wala haionekani kwa macho. Majani makavu ya Burley mara nyingi yana gramu 2 mpaka 4 za nikotini katika gramu 100. Vanila haipunguzi hata chembe ya hiyo.

Kwa mtu mzima aliyezoea, nikotini inapigisha moyo mbio na kuifinya mishipa ya damu. Kwa mtoto wa miezi 18, tumbako kidogo tu aliyomeza inatosha kumfanya vile tulivyoona.

KUUMA ULIMI

Hapa waonjaji wanasema kweli. Burley inauma ulimi. Mnajua maji ya majivu, yale ambayo wazee walichuja kupata chumvi ya kupikia majani? Ukiyagusisha ulimi yanauma na kuteleza. Moshi wa Burley una tabia ile ile. Na kwa sababu ya tabia hiyo, nikotini yake inapita katika ngozi laini ya ndani ya mdomo, hata kama mtu hamezi moshi.

Kwa hiyo baba akikuambia: “Mie simezake moshi, ninavutaka mu kinywa tu,” usimbishie kwa makelele, lakini ujue ya kwamba mdomo wenyewe unakunywa. Na mdomo ndio unaolipa kwanza. Mwaka 1795, munganga mmoja wa Ujerumani, Sömmerring, aliandika kwamba kansere ya mdomo wa chini inaonekana kwa watu wanaovuta kiko, mahali pale pale kiko kinapolala. Mwaka 1964 wakubwa wa afya wa Marekani walitoa ripoti kubwa, nao wakasema kiko kinaleta kansere ya mdomo wa nje. Siku hizi tunajua zaidi: kiko kinaleta pia kansere ya ndani ya kinywa, ya koo, ya njia ya chakula na ya mapafu.

Kidonda cha mdomo au cha ulimi ambacho hakiponi katika majuma matatu, kije hospitali. Kije hata kama hakiumi. Kansere ya mdomo mara nyingi haiumi inapoanza, na wakati huo ndio wakati wa kuikata.

LADHA: CHUPA INAVUTA

Mimi sivuti, na sikutaka mwanafunzi hata mmoja avute. Basi tuliipa chupa kazi hiyo. Nyumbani msifanye. Mkitaka kuona, tutawaonyesha sisi, nje, mbali na watoto na mama wenye mimba.

Tulijaza maji katika chupa ya plastiki. Karibu na kitako tulitoboa tundu dogo, tukaliziba kwa kidole. Mdomoni mwa chupa tuliingiza mti wa kiko, tukaziba pembeni kwa bukari gumu, na ndani ya mti tulitia kipande cha pamba nyeupe. Tuliwasha tumbako, tukaondoa kidole. Maji yalipotoka chini, chupa ilivuta moshi juu, kama mtu. Chupa ya kwanza ilivuta tumbako ya mkebe. Chupa ya pili ilivuta jani tupu la sokoni, lile ambalo wazee wanajua, lisilo na sukari.

Wakati chupa zinavuta, wote walisema ile ya kwanza ndiyo nzuri. Kisha tulitoa pamba. Zote mbili zilikuwa za rangi ya udongo mweusi, zinanata kama mafuta ya gari. Nikazichanganya nyuma ya mgongo wangu, nikauliza: ni ipi ya mkebe? Hakuna aliyeweza kusema. Mmoja alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akasema: “Mama, zote zinanuka mubaya.” Vanila ilikwenda na hewa. Kilichobaki katika pamba ndicho kinachobaki katika mapafu.

HARUFU INAYOBAKI KATIKA NYUMBA

Ulizo hili ndilo kubwa kwetu sisi mama, na hapa ninataka kukaa kidogo.

Waonjaji wanatoa pointi nyingi kwa tumbako ambayo wengine chumbani hawailalamikii. Tumbako tamu inashinda zote. Bibi wa nyumba anasema, loo, inanukia vizuri, baki tu. Sigara kali angeifukuza nje, lakini kiko kitamu anakikaribisha kitini, karibu na kitanda cha mtoto. Harufu nzuri inamnyamazisha mlinzi wa mlango, na mlinzi ni wewe.

Sasa hesabu pumzi. Mtu mzima akitulia anapumua mara 12 mpaka 20 katika dakika moja. Mtoto mchanga anapumua mara 40 mpaka 60. Katika chumba kimoja, chenye dirisha moja lililofungwa juu ya mbu au juu ya vumbi la barabara, mapafu yake madogo yanachuja moshi ule bila kupumzika, na usiku mtu hawezi kumtoa nje. Watoto wanaokaa katika moshi wa tumbako wanapata zaidi nimonia, ugonjwa wa masikio na pumu. Watoto wachanga wengine wanakutwa wamekufa usingizini bila ugonjwa kujulikana, na moshi wa tumbako unaongeza hatari hiyo. Hata moshi ukiisha, mafuta yake yanakaa katika shuka, katika pazia, katika shati la baba anayembeba mtoto.

Tena, katika nyumba zetu moshi si mmoja. Kuna moshi wa mbabula. Wote mnajua hatulali na mbabula yenye makala ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sababu ya ile gazi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Gazi hiyo hiyo iko katika moshi wa tumbako. Ni kidogo kuliko ya mbabula, ndiyo, lakini inaingia katika damu kila siku na kuchukua nafasi ya hewa safi.

Kwa mama mwenye mimba, damu yake ndiyo inayombebea mtoto hewa. Gazi inapunguza hewa, nikotini inafinya mishipa ya kondo, na mtoto anapata chakula na hewa kidogo. Mama wanaovuta wanazaa watoto wenye upungufu wa gramu 200 hivi, kwa kadiri. Gramu 200 unaziona ndogo? Kwa mtoto aliyetakiwa kuwa na kilo 2 na gramu 600, ndiyo inayomshusha chini ya mstari wa kilo 2 na nusu, katika hesabu ya watoto wadogo mno. Tena kondo linaweza kuachana na tumbo kabla ya saa, mimba inaweza kutoka kabla ya miezi, mtoto anaweza kufa tumboni.

“MIE SIVUTAKE, NINANUSAKA TU”

Mama wengi wananiambia hivyo. Tumbako ya kunusa au ya kuweka chini ya mdomo haina moshi, ni kweli. Lakini nikotini iko, na mambo yanayoleta kansere yako, na kwa mwenye mimba inaleta pia watoto wadogo na watoto wanaozaliwa wamekufa. Wengine wanaitia juu ya kitovu cha mtoto, au juu ya kidonda, au katika sehemu za uzazi. Mama, hapana. Kitovu kinataka usafi na ukavu, na dawa ile tu mliyopewa hapa.

Na nkambo je? “Nkambo yangu anavutaka tangu zamani, na iko muzima.” Ulizo hilo halikosekani hata mara moja! Ninajibu: Mungu amlinde. Sikuja kumnyang’anya nkambo kiko chake. Tumbako ilifika kwetu zamani kutoka Amerika, Wareno wakiwa wa kwanza kuileta pwani, na wazee wetu waliipa heshima. Watchokwe walichonga visanduku vya tumbako na viko vizuri kabisa ambavyo leo vinakaa katika nyumba za makumbusho huko Ulaya. Lakini nkambo anayekaa kibarazani ndiye tunayemwona. Wenzake wa rika lile waliokufa kwa kifua, hawapo kibarazani tuwaulize. Basi mwekee kiti chake chini ya mwembe, mpelekee moto huko huko, na mwambie kwa heshima: nkambo, mjukuu atakuja kukusalimu kiko kikizimika. Mara nyingi nkambo anakubali mbele ya baba.

Kwa baba, usianze siku amekasirika au amerudi kazini na njaa. Mwonyeshe kilo za mtoto katika karatasi ya kliniki. Mwombe mambo matatu tu kwanza: avute nje, anawe mikono na kinywa, abadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto. Akiwa na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, aje apimwe kifua kikuu. Anayevuta anaugua kifua kikuu zaidi ya mara mbili kuliko asiyevuta.

Mama mwenyewe akiwa anavuta au ananusa, aniambie bila haya, sitamfokea. Kuacha ni vigumu, siku za kwanza mtu anakuwa na hasira na usingizi haupatikani, kisha inapungua. Ukiacha katika miezi ya kwanza ya mimba, mtoto anapata faida karibu yote. Na mama ambaye hajaweza kuacha, ASIACHE kunyonyesha. Nikotini inaingia katika maziwa, ni kweli, lakini maziwa ya mama yanabaki bora kuliko chupa. Anyonyeshe kwanza, avute baadaye, nje.

MTOTO AKILA TUMBAKO

Mtoe tumbako kinywani kwa kidole kilichofunikwa na kitambaa safi. Mpanguse midomo na mikono, kwa sababu nikotini inapita katika ngozi pia. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe mafuta ya ngazi, usimpe maziwa kama dawa. Akitapika mwenyewe, mlaze kwa ubavu. Mlete hospitali mara moja, hata kama anacheka bado, kwa sababu mate, jasho na kutapika vinakuja kwanza, lakini usingizi mzito, degedege na pumzi kukatika vinaweza kufuata. Leta na kilichobaki: mkebe, jani, au kipande cha sigara.

Na ule mkebe? Mama watatu wameniomba tayari, juu ya mfuniko wake. Mmoja alitaka kutia chumvi, mwingine sukari. Nimekataa. Tumbako tuliitupa katika choo cha shimo, mkebe tukauosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, na bado unanukia vanila. Sasa una sindano za darasa la kushona, nao uko juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.